Kirago Hakikuwa Kwenye Hesabu

Timu ikitolewa kwenye mashindano, mtangazaji wa redio hasemi imeshindwa. Anasema imefungasha virago. Harambee Stars walifungasha virago AFCON ya 2019 kule Misri baada ya kupigwa na Algeria na Senegal. Taifa Stars wa Tanzania, ambao tulikuwa tumewafunga 3-2, wakafungasha vyao pia. Mbunge akipoteza kiti, amefungasha virago. Mpangaji akilemewa na kodi, hivyo hivyo. Mimi nilipotoka chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kupatikana, jirani yetu alimwambia mamangu, "Naona kijana amefunga virago." Mama hakujibu. Msemo wenyewe ulikuwa umemaliza mjadala.

Lakini kirago ni kitu gani? Nimewauliza wasee kadhaa wa rika langu. Mmoja aliniambia ni mabegi. Mwingine ati ni nguo kuukuu. Wa tatu alisema virago ni virago tu, havina umoja. Fungua kamusi na utakuta kitu kingine kabisa: kirago ni mkeka mnene na mgumu, uliofumwa kwa nyasi za jamii ya matete, ambao msafiri hulalia njiani. Kupiga kirago ni kutua na kulala hapo. Kufunga virago ni kuviringisha mikeka alfajiri ili safari iendelee. Ukiuangalia msemo kwa asili yake, hamna aliyeshindwa humo ndani. Kuna watu wameamka na wanakwenda mbele.

Nilianza kulifuatilia neno hili kwa sababu ya kazi ya mtandaoni. Mteja wa ng'ambo alitaka maneno mia nane kuhusu namna ya kuhifadhi mkeka wa nje unaposafiri na karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Sijawahi kulala kwenye karavani, na hapa mtaani simjui aliye nayo. Nikaandika hata hivyo: ukung'ute mchanga, uuanike ukauke vizuri usije ukaota ukungu, uuviringishe badala ya kuukunja, uufunge kwa kamba mbili, uuweke mahali utakapoufikia kwanza ukifika. Malipo yaliingia na makala ikatoka bila jina langu. Nilichobaki nacho ni lile neno karavani.

Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara. Waingereza walilichukua, na baadaye wakaliita hivyo gari lenye nyumba juu yake. Karavani ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya starehe inatajwa kuwa ile ya daktari Mskoti, Gordon Stables, aliyestaafu kutoka jeshi la majini. Aliiagiza Bristol mwaka 1885 na kuiita The Wanderer. Ilikuwa ya mbao nzito za mahogani, ikivutwa na farasi wawili. Stables hakusafiri peke yake. Alikuwa na mwendesha farasi, na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia kama njia ni nyeupe.

Sasa tazama mwaka huo huo, 1885, upande wetu. Misafara yetu haikuwa na farasi wala magurudumu. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo katika sehemu nyingi za njia, kwa hiyo mzigo ulipanda juu ya mtu. Kutoka Bagamoyo misafara ilielekea Tabora na kufika Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja. Kutoka Mombasa ilipita jangwa la Taru, ikapanda Ukambani au kuzunguka Taveta, na mingine ikaendelea hadi kwa Mumia, mahali tunapopaita Mumias leo. Ilipeleka nguo, shanga na waya wa shaba, ikarudi na pembe za ndovu. Msafara mkubwa uliweza kuwa na watu mamia, hata elfu na zaidi.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32. Wanyamwezi walibeba begani, watu wa pwani kichwani. Mbele alitembea kirangozi na bendera nyekundu. Wanawake nao walisafiri, wengi wakibeba vyombo vya kupikia. Posho ilipimwa kwa kibaba, na neno hilo posho limebaki nasi hadi kwenye mashine za kusagia unga.

Na juu ya kilo hizo 32, kila mtu alikuwa na vitu vyake: kibuyu cha maji, chungu au sufuria, chakula cha siku kadhaa, na mkeka wake wa kulalia. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliwaeleza wabeba pembe. Walikuwa na heshima yao kwenye msafara. Kwenye ncha ya pembe ilining'inia kengele ya ng'ombe, na upande wa pili, kwenye mwanzi uliochomekwa katika uwazi wa pembe, mbebaji alifunga vibuyu na mikeka yake. Jaribu kuliona jambo hilo: pembe ambayo huenda ingefika London kuwa vibonyezo vya piano, na nyuma yake mkeka wa nyasi wa mtu ambaye hangeisikia piano hiyo.

Kuufunga mkeka kulikuwa na utaratibu wake, na yeyote aliyelelewa na nyanya mwenye mkeka wa ukindu anaujua. Mkeka haukunjwi kama shuka. Ukikunjwa, nyuzi huvunjika penye mkunjo na baada ya muda unapasuka hapo hapo. Huviringishwa. Ukifungwa na umande, unaanza kunuka na kuota ukungu, na wewe ndiwe utakayelalia uozo huo usiku. Mkeka hufungwa mwisho na kufunguliwa mwanzo, kwa hiyo lazima uwe nje ya mzigo, kwenye hewa. Nilipogundua hivyo nilicheka peke yangu. Yale maneno mia nane niliyouza kwa mteja wa ng'ambo, mpagazi wa Unyamwezi angeyaandika vizuri kuliko mimi.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Biashara ile iliandikwa. Wafanyabiashara waliandika pembe kwa frasila, nguo kwa dhiraa, shanga kwa aina na rangi. Imperial British East Africa Company, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, nayo ilihesabu mizigo yake. Vitabu vya hesabu vinaweza kukuambia kilichotoka Mombasa na kilichofika Uganda. Kirago hakimo. Hakikuwa bidhaa, hakikulipiwa ushuru, na uzito wake haukuongezwa kwenye malipo ya aliyekibeba. Pembe ilikuwa ya tajiri. Nguo ilikuwa ya tajiri, mara nyingi kwa mkopo wa tajiri mwingine kule Unguja. Kirago kilikuwa cha yule aliyelala juu yake.

Sitaki kuipaka sukari hadithi hii. Ndui na njaa viliua watu wengi njiani. Baadhi ya wapagazi wa pwani walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana zao walichukua sehemu ya ujira. Kwa mtu kama huyo hata mwili wake ulikuwa kwenye hesabu ya mwingine. Ndiyo maana hoja ya mkeka si ndogo kwangu. Baada ya kutua pembe ya mtu, kupokea kibaba cha mtu, chini ya bendera ya mtu, palikuwa na futi chache za nyasi zilizofumwa ambazo hakuna aliyezidai.

Na wapagazi walijua nguvu yao ilikuwa wapi. Wanahistoria kama Stephen Rockel wameonyesha kwamba Wanyamwezi wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi, na walizitetea. Posho ikipunguzwa, waligoma kuondoka. Mwendo ukizidi kipimo, walitua mizigo. Wengine walitoroka usiku, na msafara uliopoteza watu mahali pasipo na wengine wa kuajiri ulikwama hapo, na mali yote chini. Kwa hiyo kufunga virago kungeweza kuwa neno la mwajiri asubuhi, na pia uamuzi wa mpagazi usiku: kwamba mzigo huu ubaki, mimi naondoka na kilicho changu.

Ni nini basi kilichougeuza msemo ukawa wa aliyeshindwa? Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Treni ilichukua kazi ya njia kuu. Kisha vita vya 1914 vikawarudisha watu chini ya mizigo, safari hii kwa lazima, katika Carrier Corps. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakiuawa na magonjwa. Jina la kikosi hicho lilibaki Nairobi likiitwa Kariokor, na Dar es Salaam likiitwa Kariakoo. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Tunampita kila siku tukikimbilia matatu.

Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli, na watu waliopiga virago hapa walidhani wamefika. Pangani kilikuwa kijiji cha Waswahili na watu wa kila kabila, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake waliojijengea wenyewe. Serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuwahamishia watu Shauri Moyo. Waliokuwa na nyumba wengine wakawa wapangaji. Nadhani ni katika mji wa namna hii, ambako anayekuamuru uondoke si kirangozi na unakokwenda si mbele, ndipo kufunga virago kulipochukua ladha ya kufukuzwa. Siwezi kukuonyesha siku wala mtu aliyelibadilisha neno. Ila ukiangalia mabomoa ya Nairobi tangu hapo, kila kizazi kimepewa sababu mpya ya kulielewa hivyo.

Mimi sasa nafanya kazi za kubeba. Makala ni ya mteja, jina ni la mteja, na kwenye mkataba kuna kifungu kinachosema kwamba nikishatuma hakuna sentensi yangu humo. Sawa. Wapagazi nao hawakudai pembe. Lakini kusoma juu yao kumenifanya niulize, kila ninapopokea mzigo, ni kipi humu ndani ambacho hakiko kwenye hesabu ya mtu mwingine. Kwangu ni Kiswahili hiki, na hizi saa za alfajiri kabla ya mteja kuamka. Si kingi. Kirago pia hakikuwa kikubwa.

Ukipata nafasi, pita soko la Kariokor. Utawakuta watu wakiuza vikapu na viondo, na wengine wakifuma palepale, mahali palipopewa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine. Nunua kitu ukiweza. Na jirani akikuambia kijana wa fulani amefunga virago, muulize ameelekea wapi.