DAKTARI MMOJA, WAGONJWA WAWILI: MWANAUME APEWA FARASI, MWANAMKE APEWA KITANDA!

Julai 1860, nchini Marekani, walizaliwa watoto wawili waliopishana siku 11 tu. Tarehe 3 wa kike, Charlotte Perkins. Tarehe 14 wa kiume, Owen Wister. Hawakuwa ndugu wala majirani. Lakini walipofika miaka ishirini na kitu, wote wawili waliugua kitu kilekile na wote wakaangukia mikononi mwa daktari yuleyule.

Ushauri waliopewa sasa, ni mbingu na ardhi.

HUYO DAKTARI NI NANI?

Anaitwa Silas Weir Mitchell, wa mji wa Philadelphia. Hakuwa mganga wa mchongo. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861-1865) alitibu askari walioumizwa mishipa ya fahamu, na ndiye aliyeandika kwa kina kuhusu watu waliokatwa mguu au mkono lakini bado wanausikia unauma kama vile upo. Mambo yake mengine yanasomwa hadi leo.

Baada ya vita, matajiri walianza kumiminika kwake na ugonjwa uliokuwa gumzo enzi hizo. Uchovu usioisha, usingizi hamna, kichwa kinagonga, chakula hakipiti, machozi yanatoka bila sababu. Mwaka 1869 daktari mwingine Mmarekani, George Miller Beard, aliupa umaarufu kwa jina la nyurasthenia, yaani udhaifu wa neva.

Waliamini mwili una akiba ya nguvu ya neva, kama salio kwenye simu. Ukilitumia sana linakata. Na nani analimaliza hilo salio? Beard alitaja treni, telegrafu, magazeti, sayansi na, shika hapo, wanawake kutumia akili zao!

MWANAUME: NENDA KAPANDE FARASI

Owen Wister alikuwa mtoto wa kishua, msomi wa Harvard, anayependa muziki hadi kwenda kuusomea Paris. Baba yake hakutaka hizo habari. Kijana akarudishwa, akawekwa kazini benki Boston, kazi asiyoipenda hata kidogo. Afya ikagoma.

Mwaka 1885 Mitchell akamwambia aondoke mjini, aende Magharibi, kule Wyoming. Hewa safi, kulala nje, kuwinda, kupanda farasi. Ndiyo dawa yenyewe hiyo.

Jamaa akaenda, na akapona! Akawa anarudi mara kwa mara huku anaandika kwenye daftari kila alichokiona. Mwaka 1902 akatoa riwaya ya The Virginian, ikauzwa kama njugu. Yule kauboi mkimya, mwenye bastola kiunoni na maneno machache unayemuona kwenye muvi, sehemu kubwa ya umaarufu wake imetoka humo.

Kwa hiyo kauboi wa kwenye skrini ana deni kwa cheti cha daktari.

MWANAMKE: LALA, KUNYWA MAZIWA

Turudi kwa Charlotte. Alisomea sanaa, akajipatia riziki kwa kuchora kadi za biashara, na alikuwa akiandika. Mwaka 1884 akaolewa na mchoraji Charles Walter Stetson, 1885 wakapata binti. Baada ya kujifungua, akaingia gizani. Akimshika mtoto, analia. Leo wengi wakisoma habari zake wanasema ile ilikuwa sonona ya baada ya kujifungua. Enzi zile ikaitwa neva.

Mwaka 1887 akaenda kwa Mitchell. Kabla ya kufika alimwandikia barua ndefu kueleza ugonjwa wake hatua kwa hatua, akidhani anamsaidia daktari. Daktari akaona ile barua ni dalili ya mwanamke anayejiona!

Kisha akapewa tiba ya kupumzika, iliyomfanya Mitchell ajulikane hadi Ulaya. Kwa kawaida ilichukua wiki sita hadi nane. Mgonjwa anatengwa na familia, anabaki kitandani. Kwa wale waliozidiwa, mwanzoni hata kukaa, kushona, kusoma au kuandika ni marufuku, na nesi ndiye anayewalisha. Maziwa kwa wingi, chakula juu ya chakula ili anenepe. Kwa kuwa hatembei, misuli inafanyiwa masaji na kupitishiwa umeme kidogo.

Tuwe wa haki hapa. Wapo waliotoka wakishukuru. Mama aliyekondeana, aliyeandamwa na kazi za nyumbani miaka nenda rudi, wiki sita za kulishwa na kutosumbuliwa zingeweza kweli kumrudishia uhai. Hata Charlotte mwanzoni alipata nafuu, na baada ya kama mwezi mmoja akaruhusiwa.

Balaa likawa kwenye masharti ya kwenda nayo nyumbani. Aishi maisha ya nyumbani kadiri awezavyo. Awe na mtoto muda wote. Alale saa nzima kila baada ya mlo. Kazi ya akili isizidi masaa mawili kwa siku. Na asiguse kalamu, brashi wala penseli maisha yake yote.

Kituko ni kwamba Mitchell mwenyewe alikuwa mwandishi wa riwaya na mashairi! Yeye kuandika hakukumuumiza.

KILICHOFUATA

Charlotte alitii. Akafuata masharti kwa miezi, na kila siku akizidi kuzama. Alikuja kueleza kwamba alitengeneza mwanasesere wa matambara, akamtundika kwenye kitasa cha mlango na kucheza naye. Alikuwa akitambaa hadi chini ya vitanda na ndani ya makabati kujificha. Mtu mzima, mwenye mtoto.

Mwishowe akafanya kile alichokatazwa. Akashika kalamu. Mwaka 1888 akatengana na mumewe, akamchukua binti yake wakaenda California. Januari 1892 ikachapishwa hadithi yake fupi, The Yellow Wallpaper: mwanamke aliyefungiwa chumbani apumzike kwa amri ya mume daktari, hadi anaanza kuona mwanamke mwingine nyuma ya karatasi ya ukutani. Nakala moja akamtumia Mitchell. Hakujibiwa.

Mwaka 1913 aliandika kwamba aliambiwa daktari alibadilisha tiba yake baada ya kuisoma. Ingekuwa tamu sana, ila waliopekua maandishi ya Mitchell hawajakuta ushahidi wa hilo.

Naye hakupona kabisa. Aliandika vitabu, akahutubia kumbi, jina lake likavuma, lakini uchovu ulimrudia maisha yake yote hadi alipofariki 1935. Kalamu haikumtibu kila kitu. Ilimtoa tu shimoni, na hiyo ndiyo aliyokuwa amenyang'anywa.

SOMO LIKO HAPA

Mitchell hakuwa katili. Aliamini anasaidia. Ila alipomtazama Wister aliona mtu aliyekosa uhuru, akampa uhuru. Alipomtazama Charlotte aliona mke aliyetoka kwenye nafasi yake, akamrudisha. Barua yenye majibu alikuwa nayo mkononi.

Leo hamna tena maziwa na umeme. Lakini mama aliyejifungua juzi akisema hajisikii vizuri, bado anaambiwa "pumzika tu, mlee mtoto, acha kuwaza sana." Mara ngapi anaulizwa yeye mwenyewe anahisi nini?

Je, wewe umewahi kuona ushauri wa namna hii ukitolewa mtaani kwenu? Dondosha maoni yako hapo chini, na mtumie rafiki yako aliyejifungua hivi karibuni. Pengine anasubiri mtu wa kumsikiliza.