Adabu za Mazungumzo Marekani: Tofauti za Kimaeneo

Adabu za mazungumzo Marekani hutofautiana kwa eneo, hasa katika kumwita mtu, kumkatalia na kudakia maneno yake. Watu wa Kusini husifiwa kwa taadhima, wa Kaskazini-Mashariki hujulikana kwa kusema wazi, na wa Kati-Magharibi kwa upole. Kila eneo lina njia yake ya kumheshimu mwenzio, ingawa rangi, tabaka na umri navyo vina nguvu kubwa.

Kusini

Watoto hufundishwa mapema kuwaitikia wakubwa kwa "sir" na "ma'am", na wengi huendelea hivyo hadi utu uzima. Salamu hutangulia shida. Wanasaikolojia Richard Nisbett na Dov Cohen waliihusisha adabu hii na utamaduni wa kulinda heshima: pale tusi linapoweza kuzua ugomvi, watu huchunga ndimi zao.

Katika majaribio yao mashuhuri yaliyochapishwa mwaka 1996, wanafunzi wa kiume wa Chuo Kikuu cha Michigan walipigwa kikumbo na kutukanwa ujiani na mtu aliyepangwa. Vijana wa Kusini walipanda kotisoli na testosteroni; wa Kaskazini hawakutikisika sana. Katika jaribio jingine la utafiti huo, jitu la miraba minne lilikuja likiwaelekea wanafunzi. Wa Kusini wasiotukanwa walilipisha likiwa bado mbali, karibu mita 3. Waliotukanwa walingoja hadi lilipobakiza takriban mita 1.

Adabu hiyo nzuri haikugawiwa kwa haki. Enzi za Jim Crow, yaani sheria za ubaguzi wa rangi, Mmarekani mweusi alilazimika kumtaja Mzungu kwa heshima, huku yeye akiitwa kwa jina tupu, au "boy" hata akiwa na mvi. Mwaka 1963, Mary Hamilton, mwanaharakati shupavu wa CORE, shirika la haki za kiraia, alikuwa akitoa ushahidi katika mahakama ya Gadsden, Alabama. Mwendesha mashtaka alimwita "Mary". Alikataa kujibu mpaka aitwe "Miss Hamilton", akahukumiwa kifungo na faini kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo.

Kaskazini-Mashariki

Mwanaisimu Deborah Tannen alirekodi mazungumzo ya karamu ya Siku ya Shukrani huko Berkeley, California, mwaka 1978. Watu wa New York waliuliza maswali mfululizo na kudakia maneno, kwao hiyo ikiwa ishara ya kumjali msemaji. Wenzao wa California walisubiri kituo ambacho hakikuja, wakabaki wasikilizaji.

Utafiti wa Robert Levine uliochapishwa mwaka 1994 ulipima wepesi wa kuwasaidia wageni katika miji 36. Jiji la New York lilishika mkia, na Rochester, iliyo katika jimbo hilohilo, ikaongoza. Levine alitaja msongamano wa watu kuwa sababu kuu.

Kati-Magharibi

Minnesota inasifika kwa upole unaohusishwa na wahamiaji wa Skandinavia. Mgeni hukataa chakula kwanza, kisha hukubali akibembelezwa.

Magharibi

Wakazi wa Seattle husemwa kuwa wachangamfu barabarani lakini wagumu kumkaribisha mgeni nyumbani.

Hali ya sasa

Mwaka 2013, Peter Rentfrow na wenzake walichapisha uchambuzi wa haiba za watu zaidi ya milioni 1.5. Majimbo ya kati na sehemu ya Kusini yalionekana ya kirafiki na yenye kushika desturi, Magharibi tulivu na bunifu, na Kaskazini-Mashariki yenye hasira za karibu.