Gereza la Chole: Adhabu na Makusudi Yake

Somo letu la historia leo litatufikisha Mafia, katika kisiwa kidogo cha Chole. Hapo Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walikuwa na boma na gereza. Magofu ya gereza hilo yapo mpaka leo, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta zake.

Wajerumani waliipata Mafia mwaka 1890, wakaondolewa na Waingereza mwaka 1915. Katika mwaka 1896 serikali yao ilitoa amri ya kutaja adhabu za wenyeji: viboko, faini, kifungo cha kazi ngumu, mnyororo, na kifo. Viboko havikuzidi 25 kwa mara moja, na kwa ajili hiyo watu waliwakumbuka Wadachi kwa jina la "hamsa ishirini". Wanawake hawakuchapwa. Waarabu na Wahindi nao hawakuchapwa. Sikilizeni vizuri hapo: kosa ni moja, lakini ngozi moja inapigwa na nyingine inasazwa.

Basi, adhabu hizo zilikuwa za nini? Tuchukue mfano wa mwizi wa nazi, maana Mafia ni nchi ya minazi. Akichapwa, yeye huumia na wanaotazama huogopa. Akifungwa, mashamba hupumzika naye kwa muda. Akitiwa mnyororo shingoni pamoja na wenzake, serikali hupata kazi ya bure. Na kisiwani, ambako watu hujuana, aibu huwafikia hata watoto wake. Akitoa faini, fedha huingia serikalini. Je, mwenye shamba? Kiboko hakimrudishii hata nazi moja.

Mtu angedhani viboko viliondoka pamoja na wakoloni. La. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, ilitungwa sheria ya adhabu za chini. Aliyeiba mali ya serikali, kwa mfano, alipata kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24: viboko 12 akiingia gerezani, na 12 akitoka. Vile vya kuingia nadhani twavielewa, ni vya kutisha. Lakini vya kutoka? Mtu amekwisha maliza kifungo chake, mkewe anamngoja, naye anarudishwa nyumbani na majeraha mapya! Mimi sioni faida yake. Sheria ya mwaka 1972 iliviondoa viboko hivyo, lakini mwaka 1989 vikarudishwa.

Mwaka 2002 ilikuja Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mtu ambaye angefungwa kwa muda usiozidi miaka 3 aweza kupewa kazi ya umma bila malipo. Kazi ya umma ilifanywa na watu wa mnyororo pia, lakini huyu hana chuma shingoni, na jioni anakula na wanawe. Na mwenye nazi aweza kupata chake, kwa kuwa sheria inamruhusu hakimu kumwamuru mwizi amlipe fidia.