Settler, settlement, settle: herufi zilezile, kesi tatu Lamu

1/ Uzi mfupi, wadau. Mjadala wa ardhi Lamu ukichemka, mmoja anasema "settler", mwingine "settlement", wa tatu "tu-settle". Herufi sita za mwanzo ni zilezile. Maana sizo.

2/ "Settler", yaani setla, ni mlowezi wa kikoloni. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilimfungulia njia ya kupewa mashamba. Pwani ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908: wenyeji wapeleke madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Baada ya uhuru, ya serikali.

3/ "Settlement" ni skimu: serikali inapima, inagawa vipande. Skimu ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni ni ya miaka ya 1970. Aliyepewa kipande pale si setla wa 1902. Lakini mwenyeji anayeuliza "ardhi ile ilikuaje ya serikali?" si mchochezi. Anauliza habari ya 1908.

4/ "Settle" ni kusuluhisha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari mpya. Baadaye pande zikakaa kuzungumza nje ya mahakama.

5/ Basi mtu akikurushia neno hilo, muulize: la 1902, la skimu au la suluhu? Kumwita jirani setla hakumpi mtu hati. Hoja ya 1908 ipelekwe kwa mwenye kutoa hati, si mlangoni kwa jirani.