Presha na Aspirini: Hofu Iliyokaa Kinyume

Tuchukue mgonjwa wa mfano: mkulima wa kahawa wa Mkumbi, wilayani Mbinga, miaka sitini na ushei. Ameamka mdomo umepinda, mkono wa kulia mzito lakini bado anaunyanyua. Saa nne asubuhi yuko kituo cha afya, presha inasoma 210 kwa 115. Adhuhuri mkono hauinuki tena na maneno yanamkwama. Kiharusi kinazidi mbele ya macho ya mganga wa zamu, na hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Songea, takriban kilomita 100 kutoka Mbinga mjini.

Desturi ya zamani ni kuivamia presha, pengine kwa nifedipini chini ya ulimi, huku aspirini ikiogopwa isije ikavujisha damu. Hofu hiyo imekaa kinyume.

Mshipa ukiziba, kiini cha eneo lake hufa upesi, lakini ukingoni hubaki ukanda ulio hai unaolishwa na vijishipa vya pembeni. Ubongo wenye afya hujirekebishia mtiririko presha ikipanda au kushuka. Ukanda huo umepoteza uwezo huo. Unachopata kinategemea presha yenyewe. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mfereji anajua: tope likiziba njia kuu, shamba la mwisho huishi kwa maji yanayopenya pembeni, na ukipunguza maji huko juu ndilo linalokauka kwanza.

Ushahidi wa karibuni umetoka China. Katika jaribio la INTERACT4, lililochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 2,404 waligawanywa kwa kura: wengine walishushiwa presha kwa sindano ndani ya gari la wagonjwa, wengine wakasubiri hospitali. Kwa jumla tofauti haikuonekana. Picha zilipopatikana, ikabainika kwamba waliovuja damu ubongoni walinufaika, na walioziba mshipa walitoka vibaya zaidi. Sindano ileile, matokeo mawili yanayopingana! Ndiyo maana kwa kiharusi cha kuziba kisichopewa dawa ya kuyeyusha bonge, miongozo mingi huiacha presha hadi ipite 220 kwa 120, isipokuwa moyo au kiungo kingine kimo hatarini. Mkulima wetu hajafika huko.

Aspirini, je? Majaribio mawili ya mwaka 1997, IST na CAST, yalikusanya wagonjwa 40,000 hivi. Takriban 9,000 kati yao waliingizwa bila picha, na bado aspirini ilionekana kuwafaa. Hata kwa 800 hivi waliokuja kugundulika kuwa walikuwa wamevuja damu, madhara ya jumla hayakuonekana. Hiyo si ruhusa ya kuimwaga ovyo, na asiyeweza kumeza maji hapewi kidonge mdomoni. Lakini kupima hatari maana yake ni kulinganisha, na kushusha presha gizani kuna hatari kubwa kuliko aspirini moja.

Hoja hii ina mpaka. Kuongeza klopidogreli juu ya aspirini kunadai picha kwanza. Majaribio ya CHANCE na POINT yaliyoihalalisha yalihusu viharusi vidogo vilivyokwisha kupigwa picha. Dawa ya kuyeyusha bonge nayo inageuza hesabu: presha iwe chini ya 185 kwa 110 kabla ya kuitoa, na isizidi 180 kwa 105 kwa saa 24 baadaye. Hata hapo sakafu ipo. Mwaka 2022 jaribio la ENCHANTED2/MT, kwa wagonjwa waliovutwa bonge kwa waya, lilisimamishwa mapema kwa sababu waliolengwa presha ya juu chini ya 120 walizidi kulemaa.

Kwa hiyo mkono unapolegea adhuhuri, kabla ya kufikiria dawa ya pili mganga hutazama mambo ya kawaida: sukari, homa, upungufu wa maji, kumeza, na kama kuna mtu amekwisha kuishusha presha. La mwisho hili husahaulika, kwani kidonge huenda kilitolewa nyumbani na jirani mwenye nia njema. Barua ya rufaa itaje saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, kila kipimo cha presha na saa yake, na kila kidonge alichomeza tangu alfajiri.