Namna ya kulinda vizingiti vya gari dhidi ya vumbi la Nakuru

Kizingiti cha mlango wa gari ndicho ukingo wa bodi unaovukwa na kila abiria aingiapo na atokapo. Mjini Nakuru, ambako jina lenyewe kwa Kimaasai humaanisha mahali pa vumbi, ukingo huo huchakaa upesi. Udongo wa huko una majivu ya volkano. Chembe zake zikisagwa chini ya viatu hukwaruza rangi mithili ya msasa, na chuma kikibaki wazi hushika kutu.

Kinga nafuu ni utando angavu wa plastiki wenye gundi. Kizingiti huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, kisha hupanguswa kwa spiriti. Utando hukatwa kwa kipimo, pembe zake zikiwa za mviringo ili zisibanduke. Hunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, hulazwa, na maji hukamuliwa kwa kadi ya plastiki kutoka katikati hadi kingoni.

Hata hivyo, utando hauponyi kutu. Palipo na kutu, sharti papigwe msasa na kupakwa rangi kwanza, la sivyo chuma kitaendelea kuliwa kichinichini. Matundu ya kutolea maji nayo yasizibwe.