Ganda la Kiasi

Waandishi wengi wa historia ya bunduki katika nchi yetu huhesabu mitutu. Konseli Mkuu wa Kiingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka, na hesabu hiyo imenukuliwa mara nyingi tangu hapo. Walakini mtutu usio na cha kuulisha ni rungu tu, tena rungu zito. Swali lifaalo kuulizwa ni hili: baada ya mlio wa kwanza, ni nani aliyeweza kuijaza tena bunduki yake akiwa nyumbani kwake?

Lugha yetu ya zamani ililijua swali hilo. Ilitenga gobore la kushindilia na bunduki ya viasi. Kiasi, kama kila msomaji ajuavyo, ni kipimo. Na wazee walikiita kiasi kile kidude kilichokusanya baruti iliyokwisha kupimwa, fataki na risasi ndani ya ganda moja. Mwenye gobore alipima mwenyewe. Mwenye bunduki ya viasi alipimiwa na mtu wa mbali asiyemjua.

Tazama sasa nchi ya Ugogo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka jangwa la Marenga Mkali, ikafika Mvumi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Chamwino. Stanley alipita hapo Mei 1871 na kutozwa hongo kama wengine. Wapagazi na walinzi wa misafara walichukua magobore, na kwa njia hiyo silaha hizo zikaenea barani. Gobore halina ganda. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, kizibo cha kitambaa au nyuzi za gome hushindiliwa kwa mdeki, kisha marisau, na marisau yakikosekana, vipande vya chuma au vya sufuria iliyovunjika. Hufyatuka polepole, na moshi wake humfichua mpigaji. Lakini mkulima wa uwele anayelinda shamba na nguruwe haendi vitani. Ataka chombo ambacho duka likifungwa hakitanyamaza.

Wenye kutawala walilitambua jambo hili mapema kuliko wanahistoria. Mapatano ya Brussels ya Julai 2, 1890, ambayo Unguja nayo ilitia sahihi, yalizuia silaha katika Afrika baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Lakini yaliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Bunduki za kisasa na viasi vyake ndizo zilizofungiwa. Kwa hiyo wale wasemao kwamba watu wa bara walibaki na gobore kwa sababu ya ushamba wanausingizia ushamba kazi iliyofanywa na sheria.

Halafu shida hiyohiyo ikawarudia Wajerumani wenyewe. Baada ya vita kuanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza ziliifunga pwani. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyoleta silaha, ilishambuliwa na manowari Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena iliopolewa, lakini viasi vilikuwa vimekwisha kunywa maji ya bahari. Jeshi la Lettow-Vorbeck likakaa kuvifungua kimoja kimoja, kuisafisha baruti, kubadili baadhi ya fataki na kuvijaza upya. Kisha vikajaribiwa na kupangwa kwa daraja: vilivyoaminika vikawekewa mapigano, na vilivyozidi kugoma vikatumika kwa mazoezi. Dola yenye viwanda imeketi chini kuchagua maganda! Mwezi Julai 1916 Dodoma ikatekwa, na reli ikaanza kuwatoka.

Kuchagua ganda ni elimu kweli. Kwa bunduki ya marisau, ambayo siku hizi twaiita shotigani, ganda la shaba hujazwa mara nyingi. La karatasi hunywa unyevu, huvimba, na mdomo wake huungua. La plastiki, lililoletwa sokoni na kampuni ya Remington ya Marekani mwaka 1960, halijali mvua lakini hupasuka penye mikunjo. Tena maganda mawili yaliyo sawa kwa nje huweza kutofautiana ndani: lenye kitako kinene lina nafasi ndogo, na baruti ileile hupata shinikizo kubwa zaidi ndani yake. Wazee hawakukosea walipokiita kidude hicho kiasi. Huku kwetu elimu hiyo haikuota mizizi, kwani fataki na baruti zilibaki mikononi mwa serikali. Na sheria ya silaha ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi pasipo kibali.

Neno nalo limefifia. Leo twasema risasi kwa vyote: kiasi kizima, ganda tupu, na ile punje ya madini itokayo mtutuni. Msomaji wa hati za kale akikuta kwamba msafara fulani ulikosa risasi, hana budi kuuliza ulikosa nini hasa. Ikiwa ni punje, mhunzi wa kijiji cha karibu aliweza kusaidia. Ikiwa ni viasi, hakuna mhunzi wa Ugogo aliyeweza.